Mikate Isiyobusiana

Wapo watu wanaodhani kutembea si mchezo. Waje Fes, Moroko, wasimame kwenye mteremko wa Talaa Kebira saa ambayo punda wanashuka na ngozi mbichi na akina mama wanapanda na vikapu vya mboga, halafu wajaribu kwenda haraka bila kukimbia. Watarudi makwao wakiwa na adabu.

Ghizlane Sqalli alizaliwa kwenye mteremko huo, na kutembea ndiko kulikomjengea jina, kwanza la kejeli, baadaye la heshima. Alikuwa mshindani wa mbio za kutembea. Sheria za mchezo huo ni mbili tu, na zote ni kali: lazima mguu mmoja uwe chini wakati wote, na goti la mguu unaotua lisikunjwe. Waamuzi husimama kandokando ya barabara wakiikodolea macho miguu, sura za watu hawana haja nazo. Anayeonekana anaelea, yaani miguu yote miwili iko hewani, anaandikiwa kadi nyekundu. Kadi tatu zikitimia, anatolewa barabarani mbele ya watu, na hana pa kuuficha uso wake.

Ukitembea hivyo kwa kasi, kiuno lazima kiyumbe. Vijana wa mtaa wa Ain Azliten walimwita Bata. Alipopita na suruali yake ya mazoezi, mmoja alikuwa akipaza sauti kutoka dukani kwamba Bata anakwenda mtoni, wengine wakacheka, naye akawaambia kwamba bata huyu akiwaacha nyuma watapata kazi ya kuokota manyoya. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Na kwa kasi hakuwa na mpinzani katika klabu yao, wala kwa wanawake wala kwa nusu ya wanaume.

Tatizo lake lilikuwa moja, nalo lilimtesa. Akichoka, alielea. Mwanzo wa mashindano miguu yake ilikuwa safi, lakini kuelekea mwishoni, pale ambapo mtu hutafuta nguvu hata kwenye nywele, alianza kuruka kidogo kila hatua bila kujijua. Kocha wake, Si Abdelilah, hilo “Si” likiwa ni “Bwana” kwetu, mzee mwembamba aliyesimamia mazoezi yote ya wanafunzi wake akiwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, alimwambia mara chungu nzima kwamba anaelea. Ghizlane alibisha mpaka alipoonyeshwa picha kwenye simu. Akakiri. Kesho yake akaelea tena. Macho yalikuwa yameelewa, ila miguu haikuwa na habari.

Mwaka huo kiwanja cha klabu kikafungwa ili kitandazwe zulia jipya la kukimbilia. Wenzake wakahamia mji mwingine kwa mazoezi. Yeye hakuweza kuondoka, kwa kuwa aliishi na bibi yake, Lalla Zhour, yaani Bi Zhour, ambaye magoti yalikuwa yamemgomea na ngazi za nyumba yao zilikuwa zimegeuka mlima. Si Abdelilah alikubali kubaki naye, akampangia azunguke kuta za mji kila asubuhi. Lakini kuelea hakukuisha, na mashindano ya taifa kule Rabat yalikuwa yanakaribia.

Sasa, kazi mojawapo ambayo magoti ya Lalla Zhour yalimrithisha Ghizlane ni kupeleka mikate tanurini. Sisi wa Fes tunakandia nyumbani, tunaupanga unga uliokwishaumuka kwenye ubao mrefu, duara moja kando ya lingine, tunafunika kwa kitambaa, na mtu anaubeba kichwani hadi kwenye tanuri la mtaa. Mwenye tanuri la Ain Azliten alikuwa Maalem Bouchta, yaani Fundi Bouchta. Yeye alizitambua nyumba zote kwa alama ambazo kila mama huuwekea mkate wake, huyu vidole, yule ncha za uma, na hakuwahi kumpa mtu mkate wa mwenzake.

Alikuwa na ulimi mkali kwa waliobeba mbao. Ukifika umemwaga, utasemwa mpaka ujute. Lakini juu ya unga wenyewe, kama umeumuka vizuri au vibaya, kama una chumvi nyingi au umepooza, Maalem Bouchta hakufungua kinywa. Hakusifu, hakulaumu. Mwenye tanuri akianza kuzungumzia unga wa nyumba ya mtu mbele ya foleni, mtaa hautakalika. Njia ilikuwa halali kuichekea. Unga ulikuwa haramu kuugusa kwa maneno.

Siku moja Ghizlane alichelewa. Alikuwa ametoka kuzunguka kuta, jasho halijakauka, akanyakua ubao na kushuka nao kwa mwendo wa mashindano huku akiita "Balak, balak", kama waitavyo wenye punda ili watu wapishe. Alipofika, Maalem Bouchta akafunua kitambaa na kutazama. Madonge yote yalikuwa yametelezeana hadi upande mmoja na kushikana.

"Mikate yako imebusiana, binti," akasema. "Nioke au nimwite kadhi aje aifungishe ndoa?"

Foleni ikacheka. Ghizlane alicheka pia, halafu mikate ilipoingia motoni akasimama pale mlangoni akiuangalia ule ubao mtupu. Siku zote aliposhuka polepole mikate ilifika salama. Leo ameshuka kwa kasi, amechoka, na mikate imebusiana. Kila alipoelea, ubao ulikuwa umeruka pamoja naye, na kila uliporuka, madonge yakasogea. Kumbe mwamuzi alikuwa naye kichwani siku zote, na mwamuzi huyo hahongeki.

Alimpelekea Si Abdelilah habari hizo huku akihema. Kocha alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akairudisha usoni, na Ghizlane akaona kwamba kicheko kimekwisha.

"Usibebe ukiwa mzima," akamwambia. "Ukiwa mzima huelei, utajidanganya. Zunguka kuta kwanza mpaka uchoke kabisa, ndipo uende nyumbani ukachukue ubao."

Basi ikawa hivyo. Ghizlane akajifunga kibwebwe. Kila siku alizunguka kuta mpaka mapaja yanaungua, akapanda kwa bibi, akaupokea ubao, akashuka nao kwa kasi kati ya punda, watalii na mikokoteni, mabega yamelegea, shingo imetulia, nyayo zikilamba mawe. Na kila siku mikate ikabusiana. Ilitoka tanurini imepinda, imeungana ubavu, mingine ina pembe. Vijana waliacha kumwita Bata, wakaanza kumuuliza harusi ni lini. Jirani yao Lalla Kenza, mwanamke mwema ila mdomo wake haukuwa na breki, aliuliza kutoka darini kwake, juu ya paa, kama siku hizi Lalla Zhour anakanda akiwa amefumba macho.

Lalla Zhour alisikia. Alikaa na mkate wake uliopinda mbele yake, akaula.

Halafu, bila kutarajiwa, mambo yakanyooka. Siku moja mikate ilifika imejipanga kama ilivyotoka nyumbani. Siku ya pili hivyohivyo. Ghizlane aliongeza kasi, akakata kona za Ain Azliten kama mtu anayefukuzwa, na bado Maalem Bouchta alipofunua kitambaa kila mkate ulikuwa mahali pake. Mzee huyo aliitazama, akamtazama yeye, akainama kwenye kazi yake bila neno. Ghizlane akadhani amemfunga mdomo. Furaha yake haikuwa na kifani. Alimwambia Si Abdelilah kwamba ugonjwa umepona, na kocha akamwandikisha mashindano madogo ya Meknes ili wajipime kabla ya Rabat.

Meknes ilikuwa aibu tupu. Kadi ya kwanza mapema, ya pili katikati, na ya tatu akiwa anaongoza, mstari wa mwisho anauona kwa macho yake. Mwamuzi akamwonyesha atoke. Akatoka, akaketi kwenye ukingo wa barabara, akalia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Wote aliokuwa amewaacha nyuma wakampita mmojammoja.

Si Abdelilah alimsogelea na kiti chake, ila safari hii hakukaa. Alisema viongozi wa klabu wamempigia simu. Watampeleka Rabat, kwa sababu jina lake limeshakwenda. Akitolewa tena, nafasi yake anapewa msichana mwingine, na klabu haitamwandikisha tena popote.

"Sikufichi," akasema. "Hii ni ya mwisho."

Ghizlane alirudi nyumbani jioni, hana hamu ya kuongea. Bibi akamtengea chakula. Akamega mkate, akatafuna, akaacha kutafuna. Kuna kitu kilikosekana mdomoni. Mkate wa Lalla Zhour tangu zamani huwa na punje za semolina, ngano ya chengachenga, chini yake, zile zinazonyunyizwa ubaoni ili unga usigande, na zikiokwa zinalia menoni. Mkate huu ulikuwa bubu. Akaugeuza. Chini hapakuwa na punje hata moja, palikuwa na alama za nyuzi za kitambaa, zimejichora wazi kabisa. Akakumbuka kwamba amekuwa akiula hivyo kwa majuma kadhaa, anashangilia mno asihisi anachokula.

Hakumwuliza bibi. Asubuhi alikwenda kwanza tanurini kabla foleni haijajaa.

"Ulijua?" akamwuliza Maalem Bouchta.

Mzee alikigusa kisu kilichokuwa mezani. Alisema ndiyo, amekuwa akiibandua mikate ile kwa kisu, maana ilikuwa imegandishwa kwenye kitambaa kingine kilicholoweshwa maji na kutandikwa chini yake. Hata mtu angeruka kamba nayo kichwani isingesogea.

"Na ukanyamaza?"

"Njia yako naicheka, binti. Unga wa bibi yako siutii mdomoni. Nilidhani mmekubaliana."

Ghizlane alipanda ngazi za nyumbani hasira zimemjaa, na alipofika juu akamkuta Lalla Zhour ameketi mbele ya sinia la unga, mikono imelala mapajani. Bibi alikuwa ameuona mkate ulioachwa umegeuzwa juu chini. Alijua.

"Niliingia mtaa huu nikiwa bibi arusi," alisema kabla hajaulizwa. "Mama mkwe wangu alikuwa hanitaki. Kilichoniweka humu ni mkate. Watu walikuwa wakiuomba wakiwa na mgeni. Sasa naambiwa darini nakanda nimefumba macho. Nikasema nilowanishe kitambaa kidogo tu, mkate ufike mzima, na wewe ufurahi. Nilikuona umefurahi, binti yangu, nikaendelea."

Hasira zikamtoka Ghizlane. Aliketi chini akaweka kichwa kwenye yale magoti mabovu. Alimwambia kuhusu Meknes, ambayo hakuwa ameisimulia, kadi baada ya kadi, mpaka pale ukingoni mwa barabara. Alimwambia na neno la klabu. Lalla Zhour alisikiliza, na alipokwisha kusikiliza alikuwa na uso ambao Ghizlane alikuwa hajauona tangu magoti yalipoharibika.

"Nani huyo mwingine wanayetaka kumpa nafasi yako?"

"Msichana mmoja tu, Bibi."

"Anajua kubeba ubao?"

"Hajui."

"Nisogezee semolina," akasema Lalla Zhour.

Kuanzia siku hiyo hakuwa na huruma. Aliukausha ubao, akaunyunyizia semolina mpaka ukateleza kama kioo. Aliongeza maji kwenye unga ukawa laini, unatetemeka ukiguswa, na madonge akayapanga karibukaribu, yametenganishwa na unene wa kidole. Siku ya kwanza yalibusiana kabla Ghizlane hajamaliza ngazi. Siku zilizofuata yalibusiana sokoni, kisha penye chemchemi, kisha hatua chache kutoka tanurini. Lalla Kenza alipouliza tena kutoka darini, Lalla Zhour alimjibu kwa sauti ya kusikika nyumba tatu: "Nakanda macho wazi, Kenza. Namfundisha mtu kutembea." Walikula mikate iliyopinda mpaka wakaizoea.

Na mwili wa Ghizlane ukaanza kupata habari. Alijifunza kwamba kuelea hakuanzii mguuni. Kulianzia mabegani. Akichoka, mabega yalipanda, shingo ikakaza, na mwili wote ukafuata kwenda juu. Alipoyashusha, donge la mbele kabisa lilitulia. Alikuwa akilisikia utosini, linataka kusogea, naye analituliza bila kupunguza mwendo. Si Abdelilah alihamisha kiti chake akaketi mlangoni mwa tanuri, akila mabaki ya mikate iliyoungana na kutoa maoni.

Siku chache kabla ya Rabat, Maalem Bouchta alifunua kitambaa, akachungulia kutoka kushoto na kutoka kulia, akainua donge moja, punje za semolina zikadondoka mezani. Kila mkate ulikuwa peke yake. Hakusema kitu. Lakini jioni hiyo Lalla Kenza alibisha hodi, akasema ana wageni wa posa kesho na anaomba Ghizlane amshushie ubao wake. Kwetu hakuna cheti kinachoshinda hicho.

Rabat ilikuwa Jumapili, upepo wa bahari ukivuma barabarani. Bingwa mtetezi alikuwa Oumnia, dada mmoja mrefu wa Casablanca, mwenye mwendo wa kiburi na haki ya kuwa nao. Bunduki ilipolia Ghizlane alitoka kwa woga, na woga ukampandisha mabega. Hakujua mpaka alipoona namba yake kwenye ubao wa waamuzi, na pembeni yake alama nyekundu moja. Mizunguko ikaenda, Oumnia akatangulia, Ghizlane akajitutumua kumfuata, na alama ya pili ikaonekana. Moja zaidi na kila kitu kimekwisha.

Alipopita mahali alipokaa Si Abdelilah, aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona. Kocha alikuwa amesimama, kiti amekikunja.

"Unga laini," alimwambia. Basi, hayo tu.

Ghizlane alishusha mabega. Aliilegeza shingo. Katikati ya barabara pana ya Rabat aliuweka ubao kichwani, mkavu, wenye semolina, na juu yake madonge ya Lalla Zhour yakitetemeka, yametenganishwa na unene wa kidole. Akayasikia. Donge la mbele lilitaka kusogea, akalituliza. Mwamuzi aliinama karibu kugusa lami, akamtazama miguu mpaka akapita, akainuka mikono mitupu. Wa pili vivyo hivyo. Mapafu yalikuwa yanawaka, mapaja yanaungua, na hayo yote aliyajua, yalikuwa ni yale ya kila siku ya kutoka kwenye kuta. Uchovu haukuwa mgeni tena.

Mbele yake walikuwapo walioachwa mzunguko mzima, wamejipanga wamezuia njia. Hakufikiri. Mdomo ukajisemea wenyewe: "Balak." Wakapisha, maana hakuna Mmoroko anayelisikia neno hilo asigeuke pembeni kumpisha punda. Watazamaji wakaangua kicheko, na watu wa Fes waliokuwapo wakalidaka neno, wakawa wanaliita barabara nzima, balak, balak, mpaka likamfikia Oumnia mbele kule. Oumnia akageuka kutazama kuna nini. Akamwona.

Kipande cha mwisho kilikuwa na mwinuko. Kwa wengine ulikuwa mwinuko. Kwa mtu wa Talaa Kebira ulikuwa uwanja. Ghizlane alimfikia Oumnia katikati yake, wakaenda bega kwa bega, hakuna aliyetazama mwenzake, kisha pumzi za yule dada zikabaki nyuma, na mbele ya Ghizlane hapakuwa na mtu. Hakuongeza kasi kwa papara. Aliupeleka ubao wake mpaka kwenye mstari, akauvuka.

Lakini katika mchezo huu mstari si mwisho. Mwamuzi mkuu ana haki ya kukujia baadaye na kadi ya hatua zako za mwisho. Ghizlane alisimama ameshika kiuno, anamwona mzee wa kofia anakuja kwake taratibu, mkono mmoja uko mfukoni. Si Abdelilah alimshika kiwiko akakibana. Mzee akafika. Akautoa mkono mfukoni, hauna kitu, akampa.

"Safi," akasema. "Mwanzo ulinitia wasiwasi. Mwisho, nimekaa miaka mingi sijaona miguu kama ile."

Ghizlane akapiga kelele ambayo naamini ilisikika ng'ambo ya mto wa mji huo. Si Abdelilah alikifungua kiti chake, akakaa, akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Simu ilipigwa kwa Lalla Kenza, kwa kuwa Lalla Zhour hakuwa nyumbani. Mbebaji wa mikate akiwa Rabat, bibi alikuwa ameamua kushuka mwenyewe, ngazi moja baada ya nyingine, ameshikwa mkono na Kenza, na sasa wote wawili walikuwa tanurini kati ya foleni ya wanawake. Kenza akaipaza sauti ya simu ili kila mtu asikie.

"Bibi, nimeshinda," akasema Ghizlane.

Lalla Zhour aliinamia simu. "Niambie kwanza. Ilibusiana?"

"Hapana, Bibi. Imefika kama ulivyoipanga."

Vigelegele vikalipuka tanurini, hata Ghizlane akaisogeza simu mbali na sikio. Vilipopungua, sauti ya kiume ikasikika kwenye simu, nzito, isiyo na haraka. Ilikuwa ya Maalem Bouchta, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kusema neno juu ya unga wa nyumba ya mtu. Alisema, mbele ya foleni nzima, kwamba katika mtaa wa Ain Azliten hakuna unga unaoumuka kama wa Lalla Zhour, na kwamba amelijua hilo tangu bibi huyo alipoingia mtaani akiwa bibi arusi. Hakuna mwanamke aliyebisha, hata Lalla Kenza.